Mikono Minne juu ya Ukurasa wa Kuaga

Namna nilivyofika Ulimbwa sitaieleza, maana kila msafiri husifu viatu vyake na mimi nimechoka kusoma habari za viatu. Nilifika. Nilikaa siku arobaini na mbili. Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na pale nilipoambiwa tu nitasema nimeambiwa. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile humharibu mtu: siwezi kuingia mahali nisiulize nani anafanya nini na kwa ruhusa ya nani.

Ulimbwa ni nchi ya miji. Ni mingi hata wenyeji wameacha kuihesabu, kila mmoja na ukuta wake mwembamba, imebanana bega kwa bega. Katikati ya kila mji kuna nyumba ya duara iitwayo Nyumba ya Kitabu, na ndani yake kuna Kitabu. Nilidhani kila mji una kitabu chake. La hasha! Kitabu ni kilekile, neno kwa neno, katika miji yote. Mji wa wafinyanzi una ukurasa wa kuoka mikate, na mji wa waoka mikate una ukurasa wa kufinyanga vyungu. Ila kurasa hizo zimefungwa kwa kamba na hakuna anayezigusa. Kwa hiyo ukitaka kujua mji fulani ni mji gani, usiulize kitabu chake kina nini. Uliza kurasa zipi zimefunguliwa leo.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Sikudhani, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, mkimya, mwenye vidole virefu kuliko kawaida. Alikaa kwenye banda nje ya lango la mji uitwao Mavumo, pamoja na wadogo zake pacha, Kombo na Mize, ambao walizoea kujibu swali moja kwa pamoja. Kitindamimba wao, Makame, alikuwa ameoa mjini na aliishi ndani ya ukuta na mkewe, aliruhusiwa kwa kuwa mkono mmoja peke yake haufungui kitu. Hawa wanne walikuwa wa ukoo wa Wagusaji, na ni Wagusaji peke yao, katika nchi nzima, wenye haki ya kufungua ukurasa.

Ukoo huo ni mkubwa na una matawi mengi. Tawi moja hufungua kurasa za mavuno, jingine kurasa za baridi, jingine za vita. Wengine hufanya kazi wawili wawili. Tawi la Bi Sikudhani hufanya kazi wanne, wala si watatu wala watano. Kwenye ukingo wa kila ukurasa kuna mikato midogo, na kila tawi limejifunza kuijua mikato yake kwa vidole tangu utotoni. Wanne wanaweka mikono kwenye mikato minne, kamba inalegea yenyewe, na hapo mnakili anasogea na kuandika yaliyomo juu ya jani la mgomba. Jani linapitishwa dirishani, linakwenda kwa mafundi, na mafundi wanafanya lililoandikwa. Adhuhuri jani limenyauka, halisomeki tena.

"Na huo ukurasa wenyewe unasema nini?" nilimuuliza Bi Sikudhani siku ya kwanza.

"Sijui. Sisi hatusomi."

"Ebo! Mnafungua kitu msichokijua?"

"Tunaijua mikato, Bi Mkaguzi. Maneno si kazi yetu."

"Basi jifunzeni kusoma, jamani! Mimi nitawafundisha kwa wiki sita."

Akaniangalia kwa huruma, jinsi mtu anavyomwangalia mgeni anayetia chumvi kwenye chai. "Nikijua kusoma nitaanza kuchagua," alisema. "Nitafungua ninaoupenda." Nilikasirika kidogo, maana nimezoea kuwa na neno la mwisho.

Tawi la Bi Sikudhani lilikuwa na kurasa nyingi, lakini mbili ndizo zilizowapa sifa na hofu. Mmoja ni Ukurasa wa Kupumzika: ukifunguliwa, ujenzi wote mjini unasimama mpaka palipoharibika patengenezwe. Wa pili ni Ukurasa wa Kuaga. Huo ukifunguliwa, mji unajivunja wenyewe, kwa utaratibu, bila moto wala ghasia. Matofali yanatolewa moja moja na kufungwa mafurushi, wakazi wanatoka na mafurushi yao, na miji jirani inawapokea watu na matofali na kuvitumia vyote. Mwisho Kitabu kinakatwa vipande vidogo, kusibaki mstari mzima.

Nilisema huo ni ukatili wa kuandikwa. Mize akanipeleka juu ya kichuguu na kunionyesha vilima vitano vilivyosimama mbali, na kati yake mabonde manne ya kijani yenye mito. "Pale penye mabonde palikuwa na miji," alisema. "Iliaga kabla bibi yetu hajazaliwa. Isingeaga, pale pangekuwa donge moja la udongo, na maji yasingepata pa kupita." Hayo niliambiwa tu. Mabonde niliyaona.

Sasa nieleze desturi iliyonishangaza kuliko zote. Kila asubuhi Bi Sikudhani na wadogo zake waliingia mjini, wakaenda hadi mlango wa Nyumba ya Kitabu, na pale mlangoni alikuwapo mtu aitwaye Mtoaji. Jina lake ni Vuai, mzee wa mabega mapana, mwenye adabu sana. Kazi yake ilikuwa moja: kuwashika Wagusaji mabega kabla hawajakaa na kuwatoa nje ya mji. Aliwaamkia, akawauliza hali, akawatoa. Kisha akatoka nao, wakaketi bandani wote wakanywa kahawa na kashata. Hivyo kila siku, miaka ishirini na sita.

"Na nani aliyemweka huyu?" niliuliza.

"Sisi," wakajibu Kombo na Mize kwa pamoja.

Ilikuwa kweli. Ukurasa unaomwajiri Mtoaji uko miongoni mwa kurasa za tawi lao. Asubuhi chache Mtoaji anapochelewa, wanaungana na Makame, wanaufungua, na Mtoaji anapata nguvu za kuwatoa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimwambia Bi Sikudhani.

Vuai akacheka hadi kahawa ikamwagika. Bi Sikudhani hakucheka. "Huyu hatuli," alisema. "Sisi tukikaa ndani ya mji siku nzima, mikono itatuwasha. Tutafungua Kuaga kwa sababu ya sufuria iliyopasuka. Mtu mwenye mkono kama wangu anahitaji mtu wa kumtoa."

Lakini sheria haikuwa punguani. Ilisema hivi: Kitabu kikiharibika popote, mkazi yeyote wa mji aliyeuona uharibifu achukue chokaa iliyo kwenye kishubaka cha mlangoni, awapake Wagusaji mstari begani. Mtoaji haruhusiwi kumshika mtu mwenye chokaa. Hapo Wagusaji wanakaa, wanaugusa ukurasa unaostahili, na mji unapumzika au unaaga. Niliisoma sheria hiyo mwenyewe, imechorwa ukutani. Nikasema moyoni, haya bwana, hawa watu wana akili. Nilikuwa sijaingia barazani.

Miezi kumi na mmoja kabla sijafika, kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye taa ya mnakili mmoja, likaanguka juu ya kamba ya Ukurasa wa Ujenzi. Kamba ikaungua. Ukurasa ukabaki wazi, na tangu siku hiyo haukuweza kufungwa. Wanakili walipoona uko wazi wakanakili, maana mnakili wa Ulimbwa akiuona ukurasa uko wazi haulizi. Majani yakatoka dirishani asubuhi na jioni, mafundi wakajenga. Wakajenga vyumba juu ya vyumba, ukuta mbele ya ukuta. Mtaa wa Tanuri ulizibwa upande mmoja, waokaji wa matofali wakawa wanaingia kazini kwa dirisha.

Hakuna aliyeshika chokaa. Nilikwenda kwenye baraza la mji kujua kwa nini, nikapewa kigoda cha wageni.

Diwani Mkuu wa Mavumo aliitwa Faraji, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Aliwasomea madiwani hesabu ya vyumba vipya vya mwezi ule: mia tatu na arobaini. Wakapiga makofi.

"Vya nani?" akauliza mwokaji mmoja.

"Vya kuongezeka," akajibu Faraji.

"Mheshimiwa, mimi naingia kazini kwa dirisha."

"Imeandikwa. Badiliko la matumizi ya dirisha. Lingine?"

Mzee mmoja akasimama, akasema kwa woga kwamba ameona ufa kwenye ukuta wa Nyumba ya Kitabu kwa uzito wa majengo yaliyoiegemea, na kwamba wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Lakini mzee wangu," alisema Faraji, "kujenga ukuta ndiyo furaha yetu!" Baraza lote likacheka. Ukafuata mjadala wa siku mbili juu ya neno "ufa", kama linafaa kuandikwa kwenye kumbukumbu za mji unaositawi. Mwishoni likaondolewa, na mahali pake pakaandikwa "mstari wa ukuaji". Nilihudhuria siku zote mbili. Nimeona vikao vingi vya kipuuzi katika maisha yangu, na vingine niliviongoza mwenyewe, lakini nilitoka pale kichwa kinaniuma.

Niliomba kusema, wakaniruhusu kwa kuwa mgeni. Niliuliza hivi: mji ukikua bila kukoma, si ni ugonjwa?

"Bi Mkaguzi," alisema Faraji, "nionyeshe mgonjwa anayenenepa."

Nilikuwa nikiwajua wawili, wote marehemu.

Azimio la kikao lilikuwa kwamba Wagusaji wanatisha watu kwa kuingia kila asubuhi. Watoaji wakaongezwa kutoka mmoja hadi kumi na wawili. Kuanzia siku hiyo Bi Sikudhani hakulifikia hata lango la ndani. Walimgeuza njiani, na hao wapya hawakuwa na habari ya kumwamkia mtu.

Upande wa chini wa Mavumo kuna mji mdogo uitwao Kiduta, ambao kazi yake ni kuchuja maji ya mtaa ule wote wa miji. Asubuhi moja akaja bandani mwanamke wa huko, Bi Pili, amebeba ndoo tupu. Aliiweka chini mbele yetu.

"Mfereji wenu mpya umekula mto," alisema. "Matofali yenu yanakunywa maji, sisi tunalamba mawe. Tumezika wazee wanane. Nimekwenda kwa Diwani wenu, ameniambia nifurahi kwa sababu napakana na watu wanaoendelea."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema Kombo.

"Sikuja kutafuta methali," Bi Pili akamjibu. "Nilikuja kuuliza nyie Wagusaji mnafanya nini hapa mnakunywa kahawa."

Bi Sikudhani aliinamisha kichwa, na nikaona aibu imempanda mpaka shingoni. Bi Pili akaeleza lililobaki. Baraza la Mavumo lilikuwa limetangaza kwamba baada ya siku nne litapeleka watu Kiduta, na nakala ya Kitabu chao, wavunje Nyumba ya Kitabu ya Kiduta na kuweka hicho cha kwao, ili Kiduta nayo ikue.

"Nakala pamoja na ukurasa ulioungua?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Nakala ni nakala," alisema Bi Pili.

Basi ndipo nikaelewa ukubwa wa jambo. Mji mmoja mgonjwa ni msiba wa jirani zake. Kitabu kilichoungua kikitembea, nchi nzima itakuwa Mavumo. Na kilichohitajika kuzuia hayo ni mkazi mmoja wa mji, mmoja tu, mwenye ujasiri wa kuchukua kipande cha chokaa.

Alipatikana kesho yake, kwa njia ambayo naona uchungu kuiandika.

Wanakili wa Ukurasa wa Ujenzi walikuwa wamechoka. Walikuwa wakikanyagana, huyu anaanza kabla yule hajamaliza, na jani moja likatoka bila mstari wa mlango. Mafundi hawakushtuka. Walipeleka matofali mahali jani lilipowaelekeza, na mahali penyewe palikuwa kibaraza cha mama yake Vuai, bibi wa miaka tisini aliyekuwa amelala na homa. Wakajenga kumzunguka, kuta nne na paa, wakaenda zao.

Mimi na Vuai tulifika mchana na bakuli la uji wake. Tulisikia sauti ndani ya ukuta. Alikuwa akiita "Vuai, Vuai", si kwa kelele, kama mtu anayemwita mwanawe aje amsogezee mto. Vuai akawakimbilia mafundi, akawashika mikono, akawasihi wabomoe.

"Jani halisemi kubomoa," alisema msimamizi wao.

"Mama yangu yumo ndani!"

"Pole sana, mzee. Lakini sisi tutabomoa kwa jani gani?"

Niliwatukana. Naliandika hili bila kujuta: niliwatukana kwa lugha ambayo mkaguzi wa shule hapaswi kuijua. Hawakukasirika wala hawakusogea. Vuai alichukua mtaimbo, akachimba peke yake, na mimi nikatoa matofali kwa mikono. Sauti ilikoma kabla ya alasiri. Tulipopata tundu la kupita mtu, bibi alikuwa ameshakata roho, amegeuza uso upande tuliokuwa tunachimba. Tulimtoa, Vuai kichwani, mimi miguuni. Alikuwa mwepesi mno.

Walimzika jioni ileile. Asubuhi Vuai alikuja bandani, hakukubali kahawa.

"Twendeni," alimwambia Bi Sikudhani.

"Unajua tukienda itakuwaje?"

"Nimezaliwa mji ule. Usiniulize kama najua."

Tulipita langoni, Vuai mbele, na kwa kuwa bado alikuwa mkubwa wa Watoaji, wale kumi na mmoja walimfuata tu, wakidhani anawapeleka Wagusaji mahali pa kuwakemea. Kwenye mlango wa Nyumba ya Kitabu alitia mkono kishubakani, akatoa chokaa iliyokuwa imeshikamana na utando wa buibui, akampaka Bi Sikudhani mstari begani. Akampaka Kombo, akampaka Mize. Watoaji wakatazamana. Mmoja aliinua mkono, akaukumbuka ule ukuta wenye sheria, akaushusha.

"Watatu," alisema Bi Sikudhani. "Makame yuko wapi?"

Makame alikuwa nyumbani kwake, hatua thelathini kutoka pale, katika chumba kimoja cha vile mia tatu na arobaini. Hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji anahitaji kulijua. Ukurasa wa Kuaga hubaki wazi kadiri mikono minne iko juu yake. Mkono mmoja ukiondoka, unajifunga, kazi inakatika katikati, na mji ulioaga nusu hubomokea watu vichwani. Kwa hiyo wanne hukaa mpaka jani la mwisho litoke dirishani, na jani la mwisho ndilo linaloshusha paa la Nyumba ya Kitabu yenyewe. Wanakili hutoka. Wakazi hutoka. Wagusaji hawatoki.

Mkewe Makame, Zaituni, alikuwa na mimba ya miezi minane. Tulimkuta anachambua mchele, Makame ameketi kando yake. Alipoona chokaa kwenye bega la dada yake alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Hamwezi kufungua Kupumzika tu?" aliuliza.

"Tungeufungua siku ile kamba ilipoungua," alisema Bi Sikudhani. "Sasa palipoungua hapatengenezeki tena; mji ukilala, ukiamka utaendelea palepale. Na keshokutwa wanabeba nakala ya Kitabu kwenda Kiduta."

"Dada, mtoto wangu hana hata jina."

"Najua, mdogo wangu."

"Tafuteni mwingine! Ukoo una watu mamia!"

"Wengine hawaijui mikato yetu. Mama alizaa wanne. Sikulazimishi, Makame. Mkono uliolazimishwa hautulii, na usipotulia ni heri tusianze. Nimekuja kukwambia tu kwamba watatu hatutoshi."

Makame alimtazama mkewe. Zaituni aliweka ungo chini taratibu. Alinyanyuka kwa kujishika kiuno, akamsogelea mumewe, akafungua kifungo cha juu cha shati lake na kulishusha hadi bega likaonekana. Kisha akamwangalia Vuai aliyesimama mlangoni na chokaa.

Niliingia nao Nyumba ya Kitabu kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Kitabu ni kikubwa kuliko nilivyodhani na kinanuka moshi. Ukurasa wa Ujenzi ulikuwa umejipinda kando yake, wanakili sita wameuinamia. Ukurasa wa Kuaga uko nyuma kabisa, kamba yake imara, haijaguswa. Bi Sikudhani akaweka mkono. Kombo na Mize wakaweka kwa pamoja. Makame alisimama, mkono ukining'inia. Faraji alifika mlangoni akihema, akaanza kupiga kelele kwamba hapana kikao kilichoidhinisha jambo hili, na kwamba chokaa imetumiwa bila muhtasari. Hakuna aliyegeuka.

Makame akaweka mkono. Kamba ikalegea kidogo. Papo hapo akauondoa, akaubana kwapani kama ameungua, na kamba ikakaza. Dada yake hakumwita. Hakumtazama hata. Alikaa vile vile na mkono wake mahali pake, akingoja, na mimi niliyasikia majani ya mgomba yakichakarika dirishani. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha Makame akaushusha mkono tena, taratibu, akaubana kwa mkono wake wa pili, na kamba ikafunguka.

"Bi Mkaguzi," alisema Bi Sikudhani, "sasa mtoe mke wa ndugu yangu."

Kwa muda wa saa saba Mavumo ilijivunja bila kishindo. Mafundi walewale waliokataa kubomoa walipokea majani mapya na kubomoa, kwa utii uleule, bila furaha wala huzuni. Nilimwona msimamizi wao akishusha kile chumba kisicho na mlango, tofali baada ya tofali, akiyafuta vumbi. Faraji alitoka langoni amebeba furushi begani kama watu wote, na kwenye mji wa waoka mikate walimpokea na kumpa kazi ya kuchota unga. Vuai hakutoka. Aliketi kizingitini mwa Nyumba ya Kitabu, akasema kwamba amewatoa watu wale miaka ishirini na sita na leo amechoka.

Niliona paa likishuka. Vumbi lilipotulia palikuwa na uwazi, na upande wa pili nikaona Kiduta, kwa mara ya kwanza, na watu wamesimama juu ya ukuta wao.

Bi Pili ndiye aliyetupokea, mimi na Zaituni. Maji yalifika kisimani kwao siku ya tatu, ya tope kwanza, halafu safi. Zaituni alijifungua siku ya tisa, mtoto wa kike, mwenye vidole virefu. Siku ya kumi aliomba wengine watoke, nikabaki mimi.

"Wewe ulikuwamo ndani," alisema. "Kila mtu hapa ananiambia mume wangu alikuwa shujaa. Mimi nataka kujua ilivyokuwa. Aliweka mkono mara moja?"

Nilifikiri kumdanganya. Alikuwa mzazi mbichi, mtoto yuko kifuani, na uwongo wenyewe ulikuwa mdogo.

"Hapana," nilisema. "Alikuwa wa mwisho. Na alipoweka, aliuondoa. Wote walimngoja. Kisha akaurudisha, akaushikilia kwa mkono wa pili ili usiondoke tena."

Zaituni alilia, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Mavumo. Alilia kwa muda mrefu, akimfunika mtoto masikio kwa kiganja.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa naogopa utaniambia haikuwa vigumu."